Filamu zinaongea Kiswahili, zinashinda Cannes, sasa mbona kwenye vibanda vya video hazifiki?

Mwaka 2017 kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, kwenye kipengele wanachokiita Wiki ya Wahakiki, tuzo kubwa ilichukuliwa na filamu ambayo karibu yote, kuanzia dakika za mwanzo mpaka mwisho, watu wanaongea Kiswahili. Inaitwa Makala, ndo mkaa kwa Kiswahili cha kule ilikotengenezwa. Muongozaji ni Mfaransa, Emmanuel Gras, ila mtu unayemfuata dakika zote tisini na kitu ni Kabwita Kasongo, kijana wa kijijini huko Lualaba kusini mwa Kongo, anakata mti, anachoma mkaa, anaupakia kwenye baiskeli halafu anausukuma kwa miguu kilomita kama 50 mpaka mjini Kolwezi kwenda kuuza. Ni dokyumentari, na hiyo ndo stori nzima. Na nikikutana na watu wanaopenda muvi hapa Dar, watu kabisa wanaojua nani kaongoza nini na nani kacheza wapi, nikiwauliza kama wameiona wengi hata jina hawajalisikia, na hili jambo limeniuma kwa muda mrefu sasa kwahiyo leo naliandika lote.

Nianze na filamu yenyewe maana inastahili. Kabwita anaanza na mti mmoja mkubwa na shoka, hana mashine ya kukatia. Gras, ambaye kamera ameshika mwenyewe, hana haraka ya kukurusha kwenye tukio lingine, anakaa pale pale na lile shoka, unaona vibanzi vinaruka, unaona jamaa anapumzika, anarudi tena, mpaka mti unaenda chini na wewe uliyekaa kwenye kiti unajikuta umechoka. Halafu tanuru, magogo yanapangwa, yanafunikwa udongo, moshi unatoka taratibu. Halafu magunia. Mtu yeyote aliyewahi kupita barabara ya Kisarawe au Mkuranga anajua lumbesa ya mkaa inavyokuwa, sasa hii ya Kabwita imepangwa mpaka baiskeli yenyewe huioni, unaona magunia yanatembea na mtu mwembamba kajilaza nyuma yake anasukuma kwa kifua.

Njiani huko ndo filamu inapokaa. Vumbi, malori yanapita karibu yake mpaka unashtuka, maana Kolwezi ni mji wa migodi ya shaba na kobalti na ile barabara haikutengenezwa kwa ajili ya mtu wa baiskeli. Gari linamwangushia mzigo. Mbele kuna watu wamesimama wanadai hela ndo apite. Anaomba, anajieleza, anatoa. Na lengo lake lote hilo ni apate hela ya kujengea nyumba, anataka mabati, kuna sehemu anaulizia bei ya mabati na ile sura yake akisikia bei mimi siwezi kuielezea hapa, itafuteni muione.

Mimi niliiangalia na mjomba wangu, mdogo wake mama. Huyu mzee miaka ya nyuma kabla bodaboda hazijashika kila kitu alikuwa anatoa mkaa Kisarawe analeta Gongo la Mboto kwa baiskeli. Sikumwambia ni filamu ya tuzo wala nini, nikaweka tu laptop mezani nikamwambia mjomba angalia hii. Alikaa kimya mwanzoni, halafu akaanza kuongea na yule kijana kabisa, yaani anamwelekeza. "Huyu kafunga juu sana, mjomba, akifika kwenye mteremko itamlaza." Akaniambia kitu ambacho hakuna uhakiki hata mmoja niliousoma ulikigusa, kwamba watu wanadhani mlima ndo kazi, kumbe mlima ni nguvu tu, kazi iko kwenye kushuka maana breki hazishiki uzito ule na ukiiachia baiskeli ikikuzidi unaiacha iende na mzigo wako wote. Ilipofika pale wanapomdai hela barabarani akasema "hao wapo kila njia" na akanyamaza muda mrefu. Nilivyomwambia mwisho kwamba hii filamu ilishinda Cannes hakujali sana, akaniuliza kama yule kijana alipata mabati.

Swali la mjomba nadhani ndo swali zito kuliko yote yanayoulizwa kuhusu filamu za aina hii na sitalikwepa. Aliyepanda jukwaani ni Gras. Kabwita ni mtu halisi, ule mkaa ni wake kweli, ile njia aliipita kweli. Kuna watu wanasema hii ni biashara ya kupiga picha umaskini wa Mwafrika kuwafurahisha Wazungu, na nimeona filamu nyingi sana ambazo kwa kweli ndo hivyo, kamera iko juu inamwangalia mtu chini, muziki wa huzuni, mtoto ana inzi usoni. Makala siioni hivyo. Kamera iko usawa wa Kabwita, mara nyingi iko nyuma yake au pembeni, inatembea mwendo wake, na humo ndani jamaa ni fundi, anajua kila kitu anachofanya, ana mipango, ana mke wanayepanga naye maisha, anasali. Heshima hiyo ipo. Lakini heshima kwenye picha ni kitu kimoja, filamu kurudi kwa watu wanaoongea lugha ile ile ni kitu kingine, na hapo ndo naona tumeachwa.

Fikiria jinsi waamuzi wa Cannes walivyoiona. Walisoma maandishi chini. Kabwita akiwa sokoni anabishana na wateja wanaosema mkaa ghali, wao walisoma mistari miwili mifupi tu. Sisi tunasikia kila kitu. Kile Kiswahili cha Kolwezi kina Kifaransa ndani yake, kina miisho ambayo mtu wa Tanga au Unguja itabidi atege sikio, dakika kumi za kwanza unapotea potea, baada ya hapo unaingia na ukishaingia unasikia ile sauti ya mtu anayebembeleza bila kutaka kuonekana anabembeleza, unasikia mteja anavyojifanya hahitaji, yaani soko la mkaa la Buguruni kabisa. Sisi ndo watazamaji ambao ile filamu ingewaingia kuliko mtu yeyote duniani, tunaisikia kwa masikio sio kwa kusoma, na sisi ndo hatujaiona.

Sasa kabla sijaendelea niweke sawa jambo moja maana huku mtandaoni linachanganywa sana. Mtu akiandika filamu fulani imeshinda Cannes, uliza imeshinda wapi ndani ya Cannes. Kuna shindano kuu lenye Palme d'Or, na hiyo mpaka leo filamu ya Afrika iliyoichukua ni ya Algeria tu, ya Mohammed Lakhdar-Hamina, mwaka 1975. Kuna Un Certain Regard ambayo ni sehemu rasmi pia ila inaangalia sana sauti mpya. Halafu pembeni kuna Wiki ya Wahakiki inayoendeshwa na chama cha wahakiki wa filamu wa Ufaransa tangu 1962, na kuna Wiki Mbili za Waongozaji iliyoanza 1969. Zote ni kubwa na zote zina uzito. Kitu ambacho hakina uzito ni zile tuzo za kununua, matamasha ya mtandaoni ya kila mwezi, unalipa ada unatumiwa picha ya yale majani mawili ya ushindi ubandike kwenye bango la filamu yako. Wasanii wetu wachanga wanaliwa hela humo na inaniuma kwasababu wengine wana kipaji kweli, ile ada wangeihifadhi wakatuma kazi sehemu tatu nne zenye waamuzi wanaojulikana.

Haya. Makala haiko peke yake na hiki ndo kitu nataka watu wakijue. Ouagadougou, Burkina Faso, FESPACO, tamasha lililoanza 1969 na sasa linafanyika kila baada ya miaka miwili, mwaka 2019 lilikuwa linatimiza miaka 50, na Farasi wa Dhahabu wa Yennenga, ile tuzo kubwa kabisa, ilienda Rwanda, kwa Joël Karekezi na filamu yake The Mercy of the Jungle. Askari wawili wa Rwanda wamepotea msituni Kivu mwaka 1998 wakati vita ya pili ya Kongo inaanza, sajenti mzoefu na kijana ambaye ndo kwanza kaingia jeshini, wanatembea kwenye msitu ambao kila wanayekutana naye anaweza kuwa adui. Marc Zinga aliyecheza sajenti alipewa tuzo ya muigizaji bora wa kiume mwaka huo huo. Mimi kilichonikamata ni jinsi filamu isivyokuwa na hamu ya kupigana, ina njaa, ina malaria, ina watu wawili wanaojiuliza wamefikaje pale, na muongozaji ni mtu ambaye nchi yake ilikuwa upande mmoja wa ile vita na bado amethubutu kuwaonesha wanakijiji wa upande wa pili kama watu. Kwenye ukanda wetu huu ambako kuhusu Kivu kila mtu anajua kulaumu, hiyo filamu ilitakiwa ioneshwe Goma, Kigoma, Bujumbura, Kigali, watu wakae waongee.

Miaka miwili baadaye, 2021, farasi yule yule alienda kwa Khadar Ayderus Ahmed, Msomali, na filamu ya mchimba makaburi anayehangaika kupata hela ya kumtibu mkewe figo. Na 2023 Cannes tena, Un Certain Regard wakatoa tuzo ya Sauti Mpya kwa Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi aliyekulia Ubelgiji, watu wa hip hop wanamjua kitambo. Filamu yake Augure inamfuata jamaa anayerudi Kongo na mchumba wake wa Kizungu kutambulishwa ukweni, jamaa ambaye utotoni alishaitwa mchawi na familia yake mwenyewe, na kwenye kikao kile akatokwa na damu puani ikamdondokea mtoto mchanga na hapo hapo kila kitu kikaharibika. Marc Zinga huyo huyo yumo. Ndani kuna Kifaransa, Kilingala na Kiswahili vyote vinapishana kwenye familia moja. Sio filamu rahisi, kuna sehemu inaruka kwenye ndoto usipokaza unaachwa, ila kile kikao cha familia tu kinatosha, mimi nilikuwa nimekunja ngumi.

Upande wa Kenya ndo wametangulia mbali na nasema hivi kwa upendo wote maana mimi Mtanzania. Kuna mfululizo wa filamu zilizotoka kwenye mafunzo ya One Fine Day Films, yule Mjerumani Tom Tykwer na wenzake wakishirikiana na watu wa Nairobi, wazo likiwa ni kwamba wakufunzi wanatoka nje ila stori, waigizaji na waongozaji ni wa pale pale. Soul Boy ya Hawa Essuman ilipigwa Kibera, ikapata tuzo kwenye tamasha la filamu la Rotterdam 2010. Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga, 2012, Joseph Wairimu akachukua muigizaji bora Durban, na Sheng imejaa humo bila kuomba radhi. Kati Kati ya Mbithi Masya, yule wa bendi ya Just a Band, 2016 ikapewa tuzo ya wahakiki wa kimataifa, FIPRESCI, kule Toronto, na hii ina stori ya ajabu, dada anaamka porini hakumbuki chochote, anafika kwenye loji moja anakuta watu wamejaa, anaambiwa hapa wote tumekufa. Nje ya mfululizo huo kuna Softie ya Sam Soko, dokyumentari ya Boniface Mwangi alivyogombea ubunge Starehe 2017, ikapata tuzo ya uhariri kwenye tamasha la Sundance, Marekani, 2020.

Halafu kuna Supa Modo. Hii nikiianza siimalizi. Likarion Wainaina, 2018, ikaenda Berlin kwenye sehemu ya filamu za watoto ambako waamuzi ni watoto wenyewe, na wale watoto wakaitaja kwa heshima maalum. Binti wa miaka tisa, Jo, anaumwa ugonjwa ambao hauponi, anapenda filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu, mama yake anamrudisha nyumbani kijijini, dada yake anakataa mtoto akae ndani kungoja kufa, kwahiyo kijiji kizima kinaungana kumfanya aamini ana nguvu na mwisho wanamtengenezea filamu yake. Stycie Waweru aliyecheza Jo sijui walimtoa wapi yule mtoto. Na katikati ya filamu kuna nini? Kibanda cha video. Benchi, pazia, watoto wamebanana. Mwaka ule ule Rafiki ya Wanuri Kahiu ilikuwa filamu ndefu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa Cannes, nyumbani ikapigwa marufuku kwasababu ni mapenzi ya wasichana wawili, mahakama kuu ikaifungulia siku 7 mwezi wa tisa na watu wakajaa Nairobi kuiona, halafu kamati ya Kenya ikaipeleka Supa Modo kuwania Oscar. Kwahiyo wakati huo huo nchi moja ilikuwa na filamu mbili zilizotoka kuonekana Berlin na Cannes, na moja kati ya hizo inahusu kibanda cha video, na mimi mpaka leo sijawahi kuiona ikioneshwa kwenye kibanda.

Kwanini? Watu wanasema Waswahili hawapendi filamu za hivyo, wanataka ngumi na mapenzi. Sikubali. Sababu naziona ni za njia filamu inayopita. Muongozaji wa huku hana hela ya kutengeneza, kwahiyo anaomba kwenye mifuko, kuna Hubert Bals ya Rotterdam tangu 1988, kuna World Cinema Fund ya Berlin tangu 2004, na bila hiyo mifuko nusu ya hizi filamu zisingekuwepo, hilo tulishukuru. Ikishatengenezwa, matamasha makubwa yanataka yenyewe yaioneshe kwanza duniani, kwahiyo huwezi kuionesha nyumbani ukaharibu nafasi. Ikishinda, wakala wa mauzo anauza haki nchi kwa nchi, Ufaransa, Ujerumani, televisheni za huko, na Afrika Mashariki hapana mtu wa kununua maana kumbi za sinema zimebaki chache na ziko kwenye maduka makubwa, kiingilio cha mle mtu wa Manzese anakula nacho siku mbili. Miaka miwili mitatu inapita, filamu inakuwa ya zamani, wakala ana nyingine mpya, na hapo ndo inapotelea.

Wakati huo kibanda umiza, yaani kibanda cha video cha mtaani, kimejaa kila jioni. Watu wanalipa mia tano, wanakaa kwenye benchi saa mbili, wanasikiliza DJ anayesimulia filamu ya Kikorea kwa Kiswahili mwanzo mwisho, na Kenya DJ Afro amekuza kizazi kizima hivyo hivyo. Hao ni watazamaji wa filamu, tena wavumilivu. Mtu anayeweza kukaa na filamu ya Kichina ya vita vya kale bila kujua lugha hashindwi kukaa na Kabwita anayeongea Kiswahili.

Kwetu Tanzania kuna Vuta N'kuvute ya Amil Shivji kutoka riwaya ya Shafi Adam Shafi, ile tuliyoisoma kidato cha tano na sita. Ilioneshwa Toronto 2021, mwaka uliofuata nchi ikaipeleka kuwania Oscar, mara ya kwanza tangu Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill ya 2001, yaani miaka ishirini katikati hakuna kitu. Unguja ya miaka ya 50, mapenzi ya Yasmin na Denge, na rangi zake Mungu wangu. Kuna walimu wanafundisha kile kitabu kila mwaka na darasa halijawahi kuiona filamu. Na 2024 Cece Mlay na Agnes Lisa Wegner wakapeleka Berlin The Empty Grave, inayohusu familia za huku zinazotafuta mabaki ya wazee wao Ujerumani, mmojawapo Nduna Songea Mbano aliyenyongwa 1906 wakati wa vita ya Majimaji. Hiyo ingeoneshwa Ruvuma nzima, kata kwa kata.

Tunayo mahali panapofanya hivi tayari, ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar lililoanzishwa 1997, Ngome Kongwe usiku, skrini iko wazi chini ya nyota, mtu katoka Forodhani na mishkaki yake anakaa ngazini pembeni ya muongozaji aliyetoka India au Iran. Kitu ninachokipenda kuliko hata Jahazi la Dhahabu lenyewe, tuzo yao kubwa, ni zile panorama za vijijini, wanabeba skrini wanaenda mashamba, wanawake na watoto wanakaa chini wanaangalia. Kwa hiyo tusiseme haiwezekani. Inawezekana kwa wiki moja Zanzibar, tatizo ni zile wiki nyingine zote na sehemu nyingine zote.

Majuzi nimeenda kuongea na jamaa mwenye kibanda hapa mtaani kwetu, nikamweleza Makala na Supa Modo. Swali lake la kwanza, "DJ nani?" Nikamwambia hazina DJ kaka, wanaongea Kiswahili wenyewe. Akaniangalia, akasema kama wanaongea Kiswahili na zimeshinda huko basi mbona hazijaja. Nikamweleza yote haya niliyoandika hapa, mifuko, wakala, haki za nchi kwa nchi. Akasema Jumatatu mara nyingi hakuna mpira wa maana, benchi zinakaa tupu, ukumbi ananipa, ila anataka kuona karatasi ya ruhusa kutoka kwa wenye filamu na kibali cha Bodi ya Filamu asije akafungiwa. Ana haki. Nimeshaandika barua pepe Ufaransa na nyingine Nairobi, naulizia bei ya kuonesha sehemu ndogo ya watu sitini kwa kiingilio cha mia tano. Ya Nairobi wamejibu wanataka kujua skrini ina ukubwa gani na kama umeme ni wa uhakika, kesho naenda kupima.